Niko na diplomu ya ekonomi lakini moyo iko kwenye mbao, nifanye je?

Mutoto wa Ndosho (Goma)
Bakubwa jambo. Niko na miaka 27, nilimaliza lisansi ya ekonomi, kisha nikafanya staji mbili kwenye ba ONG bila hata franka. Ile ya pili baliniambia nivumilie mpaka mwezi wa tatu watanikamata kazi, mwezi wa tatu ikafika projekti imeisha (ile wimbo muko munaijua). Kisha Janwari 2025 banki za huku zikafunga na katumaini kenye kalikuwa kamebaki kakaenda nako. Sasa niko nasaidia baba mudogo kwenye ateliye yake ya chukudu (ile trotineti kubwa ya mbao ya kubebea mizigo). Nilianza tu juu ya kukosa la kufanya, lakini shida yenyewe njo hii: ninapenda. Nikianza kuchonga gurudumu, nikaizungushia raba ya tairi la zamani na kupiga misumari, saa ya kula inapita sijagusa telefoni, na kwenye ofisi nilikuwa naangalia saa kila dakika kumi. Mama anasema hakuuza maharagwe miaka yote ile ili mie nikuje kusukuma randa. Najiuliza, huu ni wito ao ni njaa imevaa nguo ya wito? Mutu anajuaje?

Mama Sambaza
Mwanangu, niko nauza sambaza Birere mwaka wa 14 sasa. Unafikiri napenda kunuka samaki? Hata kanisani batu banajua nimeingia mbele banione. Lakini batoto bane bamesoma. Kwangu kazi ya kupenda ni ile inalipa masomo, bengine mutaongea mpaka kesho. Na mama yako usimukasirikie, ile maharagwe yeye aliibeba kwa kichwa. Tangu uanze iyo kazi umeisha kumuletea hata unga?

Infirmye wa Kadutu
Mama nakuheshimu, lakini apana yote. Mie niko Bukavu, uinfirmye baba njo alinichagulia, mwaka wa kwanza nililia. Kupenda kulinikuta ndani ya kazi, usiku mumoja kwenye materniti, mutoto alitoka bila kulia, tukamufanyia dakika sijui ngapi, akalia. Tangu ile siku sijaomba tena kubadilisha servisi. Hata daktari Mukwege mwenye bote tunamujua juu ya Nobel ya 2018, hakuanza pale. Alikuwa mutoto wa pasta, alikuwa anafuata baba yake kuombea bagonjwa akaona dawa nayo inahitajika, akasomea udaktari Burundi. Kuona bamama benye kuumia katika kuzaa kule Lemera njo kulimupeleka Ufaransa, Angers, kusomea mambo ya bamama. Na hospitali ya Panzi, hapa Bukavu, alipoianzisha 1999 alikuwa anafikiria bamama bazazi, vita njo ilimuletea bale bengine, benye kubakwa. Kwa hiyo ndugu yangu usingoje kujua mbele ya kufanya.

Fundi wa Majengo
Mutoto anauliza juu ya chukudu munamuletea Nobel 😂
Mudogo wangu sikia. Sasa unapenda juu baba mudogo njo anabeba shida, wewe unacheza na randa, yeye anagombana na ule wa Kibumba mwenye alilipa nusu na ingine "nikishauzisha makabichi". Umuombe akuachie chukudu moja, wewe peke yako, kuanzia kununua mbao (na uangalie vizuri, mukaratusi mubichi ukikauka unapasuka) mpaka kuzungukia deni. Kumbuka ile kitu itashuka na kilo 300 na zaidi, mutu amepiga goti juu yake, freni ni kipande cha raba tu anakanyaga na muguu. Gurudumu ikichomoka kwenye mutelemuko si mambo ya kurudisha pesa. Kama usiku unalala unaiwaza ile gurudumu na asubuhi bado unataka kurudi, hapo tutaongea juu ya wito. Na iyo ekonomi usiitupe, baba mudogo madeni anaandika wapi?

Mutoto wa Ndosho
Muzee umenikamata. Anaandika na makaa kwenye mulango 😅 Jumapili nikahamisha yote kwenye kaye (daftari), batu 11, bengine ni ba tangu mwaka jana. Baba mudogo aliangalia ile kaye mara mbili, akasema tu "kumbe". Chukudu yangu ya kwanza nayo imerudi, gurudumu ya nyuma inayumba, shoferi wake alinitukana mbele ya batu na alikuwa na haki. Juzi niliifungua mpaka usiku, tundu la ekseli nilikuwa nimelitoboa pembeni kidogo tu, unene wa kijiti cha kiberiti.
Mama Sambaza, nilipeleka unga kilo tano. Mama hakusema neno. Lakini jana nilikuta kile kiti chake cha jikoni, chenye muguu umevunjika tangu zamani, kimewekwa kwenye mulango wa chumba yangu.