Philadelphia: nyumba alimoandikia Jefferson inafaa kwenda na watoto?

MamaWawili: Wakuu, habari za leo. Jumamosi tunakuja Philadelphia na wanangu, pamoja na mama yangu aliyetutembelea kutoka Tanga. Kuna nyumba kona ya Market na mtaa wa 7, Thomas Jefferson alipoandika Azimio la Uhuru wa Marekani mwaka 1776. Ila nasikia ya asili ilibomolewa 1883, iliyopo imejengwa 1975. Inafaa kweli?

Kapteni_Pangani: Nendeni Independence Hall, dada. Lile ndilo jengo la asili. Hayo mengine ni matofali ya juzi.

BintiMuheza: Kapteni, hapo tunapishana. Matofali ni ya juzi, lakini kiwanja ni kilekile, na wageni wangu wote huwapitisha hapo. Jefferson alikuwa mpangaji tu. Nyumba ilikuwa ya mwashi, Jacob Graff. Alikodi vyumba viwili vya juu, na vimepangwa samani za mtindo wa wakati ule.

MamaWawili, ukiwa hapo waambie wanao habari za Robert Hemmings. Alikuwa na miaka 14, mtumwa wa Jefferson, ndiye aliyemhudumia katika nyumba hiyo. Na alichangia baba mmoja na mke wa Jefferson! Mtu anaandika kwamba watu wote wameumbwa sawa, na anayemhudumia ni shemeji yake anayemmiliki. Rasimu ya Jefferson ilikuwa hata na maneno makali ya kulaani biashara ya watumwa, wajumbe wa Kongresi wakayafuta. Robert aliachwa huru mwaka 1794. Mimi haya yananiuma kila nikiingia mle, na ndiyo maana sitaki watu waipite nyumba hiyo.

Angalia tovuti ya Independence National Historical Park, hifadhi inayoisimamia nyumba hiyo, kabla hamjatoka, maana haiwi wazi mwaka mzima.

Kapteni_Pangani: Habari za kijana huyo nilikuwa sizijui. Ila Independence Hall pia msiiache, ndimo Azimio lilimopitishwa.

MamaWawili: Asanteni sana. Mama magoti yanamsumbua, ngazi hawezi.

BintiMuheza: Mfikishie shikamoo yangu. Basi msogee hadi kona ya mtaa wa 6, ilipokuwa nyumba ya Rais Washington. Ni uwanja wa wazi, hauna ngazi. Washington aliweka watumwa tisa hapo. Mmoja wao, Ona Judge, alitoroka mwaka 1796.

MamaWawili: Nimemsomea mama, anauliza: walimkamata?

BintiMuheza: Hawakumkamata. Washington alituma watu wamrudishe, akakataa. Aliishi New Hampshire mpaka alipofariki mwaka 1848.