Yoga kwa anayeanza na magoti mabovu: darasa gani?

BiTudor: Hamjambo. Miaka 52, magoti yanalalama nikichuchumaa, na nikiinama sifiki vidole vya miguu. Nianze darasa gani?

Mzoefu: Shikamoo mama. Hatha ya wanaoanza, yaani yoga ya mikao ya polepole. Vinyasa iache kwanza: mikao hufuatana upesi, goti halipati nafasi ya kujipanga. Kabla hujalipa muulize mwalimu, "Mwenye goti bovu unambadilishia nini?" Akijibu "utazoea tu", tafuta mwengine.

Na vidole vya miguu si mtihani. Kalia blanketi lililokunjwa, unene kama sentimita 10, miguu mbele, pitisha leso nyayoni, shika ncha zote mbili, magoti yakunje kidogo. Inama kuanzia nyonga. Kaa pumzi 5. Mgongo ukianza kufanya kibyongo, umevuta mno, legeza leso.

Salama_Nyali: Mkeka wa ukili kwenye vigae huteleza, hasa na jasho la kaskazi. Nunua wa mpira, milimita 6, na taulo chini ya goti. Ufuoni pazuri kwa picha tu! Viganja huzama mchangani, vifundo vya mikono vikaumia.

BiTudor: Marahaba, ahsanteni. Na presha?

Mzoefu: Daktari kwanza, kisha mwambie mwalimu. Usibane pumzi. Mikao ya kichwa chini ibadilishe: viganja ukutani usawa wa nyonga, rudi nyuma mpaka mgongo unyooke.

Salama_Nyali: Na pilau imalizwe masaa matatu kabla.