Ukuta wa chumba cha mama unapukutika: saruji, chokaa au marumaru? Nina laki 9 tu

Baba_Zulfa (Januari)
Habari za jioni wakuu, naomba ushauri kabla sijatupa hela baharini. Nyumba yetu ipo hapa Tanga mjini, Ngamiani huku barabara za namba, ile ya Kiswahili ya zamani, vyumba sita ukumbi katikati uani nyuma, kaijenga babu kwa mawe na udongo ikapigwa chokaa, bati kaja kuweka marehemu baba. Sasa chumba anacholala mama, ukuta wa upande wa uani unapukutika kuanzia chini mpaka usawa wa kiuno, ukigusa unakuta unga mweupe mkononi, nguo za kabatini zinanuka uvundo, na mwanangu wa mwisho analala na bibi yake humo, mvua ikianza tu mafua hayaishi. Mwaka juzi nilipiga plasta ya saruji hapo hapo, fundi akaniapia miaka kumi, haikufika masika ya pili ikabanduka kipande kizima kama mkate wa kumimina unavyotoka chunguni, tena ikaondoka na udongo wa ndani.

Nina kibubu toka mfungo uliopita na mke wangu kapokea mchezo wake kanichangia, jumla laki 9. Fundi mmoja ananiambia nipige saruji tena ila safari hii "kali", mwingine mzee wa Msambweni ananiambia saruji niisahau nirudi kwenye chokaa, na mke wangu yeye anataka marumaru nusu ukuta, kaona kwa shoga yake, anasema inafutika. Mama nimemuuliza kanambia "mwanangu mie hata ukiniacha hivi hivi nashukuru, nina paa juu ya kichwa". Ndo inaniuma zaidi. Nichague lipi?

Mzee_wa_Kirikuu
Saruji kaka. Kiwanda kipo Pongwe toka 1980 unataka nini tena, mji mzima umesimama kwa saruji. Fundi wako alikupunja tu, ukiona plasta imebanduka ujue mfuko mmoja katandaza ukuta mzima na mingine kauza.

Dar_Mpya
Bomoa hiyo kitu. Nyumba ya udongo mwaka huu? Piga tofali za inchi 6, chumba kimoja kimoja, kila mwaka chumba. Baada ya miaka sita una nyumba.

Baba_Zulfa
@Dar_Mpya laki 9 hiyo bei ya msingi tu labda, na mama atalala wapi miaka sita 😅

Bi_Shuu
Dar_Mpya nyie mkishavuka Chalinze mnasahau mlikozaliwa. Nyumba ya udongo na mawe ina ubaridi wake mchana wa kaskazi ambao hiyo tofali yako haina. Na chokaa msiibeze, nendeni Tongoni hapo njia ya Pangani mkaangalie msikiti na makaburi, mawe ya matumbawe na chokaa, mamia ya miaka na upepo wa bahari unapiga kila siku, hamna hata mfuko wa saruji pale. Sisi wadogo kila ikikaribia Ramadhani kazi yetu ilikuwa kupaka chokaa nyumba nzima, unatia bluu ya kufulia kidogo tu iwe nyeupe ya kung'aa, siku ya pili mtaa mzima unanuka chokaa mpya. Gharama ya rangi hatukuijua.

Fundi_Duga
Nimepiga ukuta miaka 22 ngoja niseme. Huo unga mweupe si ugonjwa wa ukuta, ni chumvi. Maji ya ardhini yanapanda kwenye ukuta vile vile mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi wa koroboi, yanabeba chumvi, yakifika yakakauka maji yanaondoka chumvi inabaki, inavimba, inasukuma plasta. Nyumba mpya tunatandika nailoni juu ya msingi kukata hiyo njia, nyumba za wazee wetu hazina, ila chokaa inaacha ukuta upumue, maji yanatoka taratibu na upepo wa dirishani unayachukua. Wewe umekuja na saruji umefunga mlango. Maji yakikosa pa kutokea hayarudi chini kaka, yanapanda juu zaidi. Pia saruji ni ngumu kuliko ukuta uliopo nyuma yake, ukuta unacheza kidogo plasta haichezi, lazima itengane. Kwa hiyo mzee wa Msambweni kakwambia kweli na huyo wa saruji kali ndio hatari zaidi, kali maana yake atakuongezea ugumu.

Ila nina swali ambalo hakuna aliyeuliza. Maji yanatoka wapi? Mbona ukuta mmoja tu? Kaangalie uani sakafu iko juu au chini ukilinganisha na sakafu ya chumba cha bi mkubwa. Na bati upande huo linamwaga wapi, kuna gata?

mama_wawili
Mie niliweka marumaru nusu ukuta chumbani, nyumba ya urithi ya mume wangu hapa Makorora, tatizo hilo hilo. Mwaka wa kwanza wageni wanasifu. Mwaka wa pili unyevu ukatokea JUU ya marumaru, sasa ukuta unamenyeka usawa wa macho badala ya usawa wa kiuno na ukigonga marumaru zinalia tupu tupu ngo ngo ngo. Mwambie wifi yangu aziweke bafuni na jikoni, huko zinalipa.

Raskazone_Boy
Mbona kwangu zipo mwaka wa saba hazijaachia hata moja

mama_wawili
@Raskazone_Boy nyumba yako ya lini na ya nini?

Raskazone_Boy
2015, tofali. Sawa nimekuelewa 😂

Mswahili_Mtulivu
Niulize kitu cha pembeni na msinichukie. Ni nyumba ya urithi, mirathi imeshafungwa? Ndugu zako wanajua unatia laki 9? Nimeona watu wanakarabati kwa jasho lao halafu siku ya kugawana ndugu anasema nyumba imependeza tuuze. Kaa nao kwanza, andikeni hata kikaratasi.

Baba_Zulfa
@Mswahili_Mtulivu ahsante, tupo watatu, dada zangu wote wanajua na mmoja wa Muheza kaahidi mchanga. Kikaratasi sikuwa nacho, nitafanya.

@Fundi_Duga wallahi umenishtua. Nimetoka na tochi na futi sasa hivi. Sakafu ya uani iko JUU ya sakafu ya chumba kwa inchi nne na nusu! Nimekumbuka, tulimwaga zege uani mwaka wa harusi ya dada ili wageni wasikanyage tope, tukalipeleka mpaka likagusa ukuta. Na gata hakuna, bati linamwaga pale pale juu ya zege, maji yanagonga yanarukia ukutani. Kwa hiyo sisi wenyewe ndio tunaumwagilia.

Fundi_Duga
Basi ndo hapo. Hata ungepiga dhahabu ingebanduka. Fanya hivi kwa mpangilio huu, usiruke: gata kwanza. Halafu kata zege upana wa futi mbili kufuata ukuta wote wa chumba, chimba ushuke chini ya usawa wa sakafu ya ndani, uwe mteremko uende kwenye mtaro, jaza kokoto. Halafu bandua saruji yote na udongo uliooza, piga brashi kavu utoe chumvi, USIOSHE kwa maji, na uuache ukuta wazi upigwe upepo. Hapa watu wanakosa subira. Sasa hivi kaskazi inavuma hakuna mvua, una mpaka katikati ya Machi, mpe wiki tano sita. Ndio uje na chokaa, moja kwa mchanga tatu, tabaka mbili nyembamba na sio moja nene, unalowesha magunia unatundika isikauke kwa pupa, maana chokaa haigandi kwa kukauka, inagandishwa na hewa, pole pole. Mchanga wa mto. Ukisikia mtu anakuletea wa ufukweni kwa bei poa mfukuze, hiyo ni chumvi unainunua tena. Na chokaa inaunguza, glovu na miwani, hasa watoto wasisogee pipani. Chokaa yenyewe inachomwa huku huku kwetu Kiomoni kwa hiyo usafiri hautakuua.

Mzee_wa_Kirikuu
Nimesoma nimenyamaza. Mchanga huo na chokaa nikubebee tripu moja utanipa mafuta tu, nipo Mikanjuni.

kibubu_tu
Mie nitazungumzia gata maana hapo ndo kuna hela ya bure. Hesabu ni nyepesi, milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Upande wako wa uani tuseme mita 10 kwa 4, hiyo 40, mvua moja ya milimita 25, ambayo Mei hapa Tanga si kitu cha ajabu, ni lita elfu moja umevuna kwa usiku mmoja. Tuseme nyingine zinapotea njiani, bado unafua wiki nzima bila kufungua bomba. Nyumba yangu bili ya maji miezi ya masika inashuka mpaka nafikiri mita imekufa. Maji ya kwanza usiyakinge, acha paa lioshwe, na bati lako likiwa na kutu basi ni ya kufulia na kudekia, ya kunywa hapana. Na gata sio lazima ya plastiki ya dukani, mafundi bati wa mtaani wanakukunjia kwa bei nyingine kabisa.

Dar_Mpya
Ok nakiri hili la inchi nne na nusu limenifundisha. Ila rangi mtapaka ipi, weatherguard?

Fundi_Duga
Hapana!! Ukipaka rangi ya mafuta au hizo za kuzuia maji umerudi kwenye saruji. Chokaa ya maji, na bluu ya Bi Shuu.

Bi_Shuu
😊 nilisema mie

Baba_Zulfa (Juni)
Wakuu nimerudi, nilisema sitakimbia na ushauri wa watu. Naleta hesabu yote maana humu kila mtu anauliza ilikula shingapi.

Gata nimekunjiwa na fundi bati, pamoja na vibanio na bomba la kushushia, 140,000. Tangi nililitamani nikaona litanimalizia hela, nikanunua mapipa mawili ya lita 200 ya mtumba, 45,000 kila moja. Kukata zege, kuchimba na kokoto 85,000. Chokaa, na mchanga kidogo wa kuongezea ule wa dada, 130,000, Mzee wa Kirikuu kanibebea vyote kwa lita kumi za mafuta ambazo zimo humo humo (kaka Mungu akulipe, na kumbe tulisoma Usagara wote!). Fundi siku sita na saidia wake, 45,000 kwa siku wote wawili, 270,000. Jumla 715,000. Msosi sijahesabu, mama alikataa mafundi kula mtaani, kila siku kawasongea bada, ugali wa muhogo, na samaki wa soko la Deep Sea, fundi siku ya nne akaniuliza kazi haiwezi kuongezeka?

Kilichokuwa kigumu sio hela, ni zile wiki tano za kungoja. Mama tulimhamishia chumbani kwetu na Zulfa na mdogo wake, sie mie na mke wangu tukalala ukumbini kwenye mkeka na neti tumeifunga kwenye msumari wa saa. Wiki ya pili nikamwambia fundi tupige tu umekauka, akaweka kiganja chake ukutani akaniambia weka na wewe. Baridi bado. Nikatulia. Lakini niseme ukweli zile wiki tulikuwa tunaongea usiku mpaka saa sita kama wachumba, mama anatupigia kelele huko ndani lalani nyie watu wazima.

Masika imepita yote. Mwezi wa tano mvua ya siku tatu mfululizo ile mnayoikumbuka, nilikuwa naamka usiku kwenda kupapasa ukuta. Chini kabisa kuna unyevu kidogo upana wa kiganja, fundi anasema chumvi ya zamani bado inatoka, nipige brashi nipake chokaa tena kabla ya vuli, mfuko mmoja unatosha. Haijabanduka hata ukucha. Mapipa yalijaa usiku wa kwanza nikaanza kugawa maji kwa jirani, huyo huyo aliyeniazima karai na toroli mwezi mzima bila kuuliza zinarudi lini. Mtoto mafua alipata mara moja tu, sitasema ni ukuta, ila namshukuru Mungu.

Mama siku anarudi chumbani kwake aliingia akakaa kitandani akauangalia ukuta kimya, halafu akasema "umekuwa kama wakati babu yenu yu hai". Akaomba kitu kimoja tu, msumari wa kutundikia kanga. Nikasita kuupigilia, wakuu nilisita kweli.

mama_wawili
Maashallah. Nimeshamwambia mume wangu tunang'oa marumaru.

kibubu_tu
900 kutoa 715 ni 185,000. Irudishe kibubuni haraka kabla haijapata shughuli

Mama_Zulfa
Mie ndio mke mwenyewe, nimejiunga leo kwa sababu nimechoka kutajwa. Hiyo 185,000 haipo kibubuni, ipo kwa muuza marumaru wa barabara ya 8, na ni za BAFUNI kama mlivyosema wenyewe. Fundi_Duga tunakusubiri Jumamosi, mama kashaloweka unga wa bada.