Naomba ushauri: Je, serikali ikiongeza matumizi, uchumi hutoka kwenye mdororo?

Mshika Kalamu (mwanzisha uzi)
Wanajamvi, salaam. Nimepewa kazi ya kuandaa waraka wa kumshauri mkubwa wangu kama serikali iongeze matumizi ili kuuinua uchumi ulio kwenye mdororo, au iache uchumi ujiinue wenyewe. Nimesoma hoja za pande zote mbili, na kila ninapokaribia kuamua, upande wa pili unanivuta tena. Wapo wanaosema kuwa fedha ya serikali huzunguka mikononi mwa watu na kuzalisha zaidi ya thamani yake. Wapo wanaosema kuwa serikali hukopa kwa walewale ambao wangeitumia fedha hiyo wenyewe, kwa hiyo hakuna kinachoongezeka. Waraka unasubiriwa na usingizi umenipaa. Naomba jibu la wazi: yanasaidia au hayasaidii?

Mwalimu Kigoda
Yanasaidia, mkuu, mradi uchumi uwe na watu na mitambo iliyokaa bure. Tazama Marekani: uchumi uliokuwa ukipanda tangu 1933 ulianguka tena mwaka 1937, baada ya Rais Roosevelt kubana bajeti huku Benki Kuu ikizilazimisha benki kutunza akiba kubwa zaidi, nao ukaanza kuinuka mwaka uliofuata mkono ulipolegezwa. Wapinzani watakutajia 2009. Obama alitia saini sheria ya kuchochea uchumi iliyokadiriwa kugharimu dola bilioni 787 mwezi Februari, na kufikia Oktoba ukosefu wa ajira ulikuwa asilimia 10, ingawa washauri wake walikuwa wametabiri kwamba usingevuka asilimia 8. Lakini tunachopaswa kuuliza ni hali ingekuwaje bila sheria ile, na hilo halionekani kwa macho. Hukadiriwa tu, ndiyo maana ubishi haujaisha mpaka leo.

Bi Mizania
Mimi nasema deni ni deni. Kaya iliyopungukiwa na kipato hufunga mkanda, haiendi kukopa ili ifanye karamu. Tumezoea kuwaachia wajukuu madeni halafu tunaita uchumi.

Mwalimu Kigoda
Bi Mizania, shikamoo. Kaya moja ikifunga mkanda, muuza duka hupoteza mteja mmoja. Kaya zote na serikali zikifunga mkanda siku moja, muuza duka hufunga duka, na kodi aliyokuwa akilipa hutoweka pamoja naye. Ugiriki ilibana matumizi kwa miaka kadhaa baada ya 2010, pato lake likashuka kwa takriban robo ukilinganisha na kabla ya mgogoro, na uzito wa deni dhidi ya pato hilo ukaongezeka.

Bi Mizania
Marahaba. Ugiriki ilianza kwa kukopa, msimamo wangu haujabadilika.

Karani Mstaafu
Niliwahi kushika daftari la malipo katika mradi wa umma uliobuniwa kuokoa ajira wakati wa mdororo. Fedha zilitangazwa kwa mbwembwe, kisha zikafuata tathmini ya ardhi, zabuni, rufaa ya aliyekosa zabuni, na zabuni upya. Kibarua wa kwanza alipotia dole gumba kwenye karatasi yangu ya malipo, mdororo ulikuwa umekwisha na mkandarasi alikuwa akilalamika kwamba vibarua ni adimu na wanadai ujira mkubwa. Yule kijana hakujua kwamba yeye ndiye aliyekuwa anaokolewa. Kwa hiyo ndugu yangu, kabla ya kuuliza kama yanasaidia, uliza yatafika lini.

Kicheko Tele
Keynes, yule mwanauchumi Mwingereza aliyetetea matumizi ya serikali wakati wa mdororo, aliandika mwaka 1936 kwamba Hazina ikikosa wazo bora, inaweza kujaza noti kwenye chupa kuukuu, ikazifukia ndani ya migodi ya makaa iliyoachwa, na kuwaachia wafanyabiashara kazi ya kuzichimbua. Naomba zabuni ya chupa.

Marekani ilikaribia hapo mwaka 2009. Serikali ililipa watu waache magari yao yanayokunywa mafuta wanunue mapya, kwa dola bilioni 3. Fundi alimwaga oili, akatia sodiamu silikati ndani ya injini, akaiwasha na kuiacha ingurume mpaka ikakwama isifae tena. Mauzo yalipanda kweli, kisha yakashuka, kwa sababu wengi wa wanunuzi wangenunua miezi michache baadaye.

Fundi Takwimu
Mshika Kalamu, hakuna anayeweza kukujibu bila kujua mambo mawili. Mdororo huo ulisababishwa na nini? Na nchi hiyo hukopa kwa fedha yake yenyewe au ya kigeni?

Mshika Kalamu
Sikutaka kuwachosha kwa undani. Sehemu kubwa ya deni ni ya fedha za kigeni. Mdororo ulianza na ukame, uliopunguza mavuno na pia umeme, kwa kuwa mabwawa yalikauka. Hata hivyo sioni kama hilo linabadilisha kanuni. Pendekezo langu ni barabara kuu. Mchoro wake umekwisha kuandaliwa na mkubwa wangu ameupenda.

Fundi Takwimu
Linabadilisha karibu kila kitu. Kichocheo, yaani matumizi ya ziada ya serikali, hufanya kazi pale ambapo bidhaa zipo na wanunuzi ndio hawapo. Kwako wewe kilichopotea ni chakula na umeme, na barabara hailetei bwawa maji. Ukimwaga fedha, zitafukuzia bidhaa zilezile chache na bei zitapanda, au zitatoka nje kununua mitambo na lami. Na sarafu ikishuka thamani, deni la kigeni linakuwa zito zaidi bila ninyi kukopa hata senti moja ya ziada. Ningelinda bajeti iliyopo isikatwe, kwa kuwa kuikata sasa kungeongeza msiba, kisha fedha ndogo ya ziada iende kwa waliopoteza mavuno na kwenye kuagiza nafaka.

Mshika Kalamu
Nashukuru, lakini barabara inaajiri watu wengi na inaonekana. Misaada ya fedha taslimu haiachi alama.

Karani Mstaafu
Haina utepe wa kukata, hilo ni kweli.

Jicho Kali
Jamani, hamwoni kuwa hii ni chai? Nchi haina jina, mkubwa hana cheo, halafu ukame, deni la kigeni na mchoro wa barabara vinakuja kwa zamu, kila kimoja kikiharibu jibu lililotangulia. Hakuna ofisi inayoandika waraka wa namna hii kwa kuuliza mtandaoni. Hili ni zoezi la darasani, na mnamfanyia mtu kazi yake ya muhula.

Kicheko Tele
Kama ni zoezi, mwalimu aliyelitunga ana roho mbaya. Nampongeza.

Bi Mizania
Ndiyo maana nilisema mapema. Kijana, soma vitabu vyako.

Mshika Kalamu
Sitataja nchi wala ofisi, na anayetaka kuamini kuwa nimetunga, aamini. Ushauri wa Fundi Takwimu ungekuwa tofauti kama ningekuwa mwanafunzi?

Fundi Takwimu
Usingekuwa tofauti. Nijibu moja tu: akiba ya fedha za kigeni inatosha kuagiza bidhaa kwa muda gani?

Mshika Kalamu
Haifiki miezi mitatu.

Fundi Takwimu
Na hilo ulilificha hadi sasa! Miezi mitatu ndicho kiwango cha chini ambacho wengi hukitumia kupima usalama. Andika hilo kwenye aya ya kwanza, nafaka na waliopoteza mavuno kwenye ya pili, na barabara ingoje mvua.

Mshika Kalamu
Nitaandika hivyo. Barabara nitaihamishia kwenye kiambatisho, ila mchoro utabaki ukurasa wa pili.

Jicho Kali
Swali hilo lina alama ngapi?