Naomba ushauri: skrini inakuwa nyeusi nikiwa katikati ya dizaini

Wakuu, habari za jioni. Nipo Nkuhungu, Dodoma, natengeneza kadi za michango na mabango nyumbani. Natumia kompyuta ya mezani ya mtumba, zile za maofisini, RAM GB 16, pawa saplai wati 240. Mwezi uliopita niliagiza Kariakoo kadi ya michoro (graphics card) ya GTX 1050 Ti ya GB 4, nayo mtumba, maana haidai waya wa ziada. Wati zake 75 inazipata kwenye sloti inapochomekwa.

Siku ya kwanza nilimlaani muuzaji bure, nikidhani kadi ni mbovu. Kumbe waya wa skrini (HDMI) nilichomeka kwenye ubao mama badala ya kwenye kadi. Msinicheke.

Tatizo lenyewe: Illustrator napiga nayo kazi kutwa bila shida. Ila nikifungua bango kubwa kwenye Photoshop, au nikirenda (kutoa picha ya mwisho) kitu kwenye Blender, programu ya 3D, dakika kumi hazipiti skrini inakuwa nyeusi, feni inavuma kama mashine ya kusaga, na muziki unaendelea kucheza. Kabla ya hapo joto la kadi linakuwa limefika nyuzi 88. Draiva nimefuta nikaweka upya, vumbi nimepuliza (la huku mnalijua), hali ni ileile.

Fundi mmoja anasema pawa saplai imezidiwa, mwingine anasema pesti ya kupitisha joto kwenye chipu ya kadi imekauka. Mimi namwelekea wa pili: umeme ungepungua si mashine nzima ingezima? Au nakosea? Halafu pawa saplai za mashine hizi zina plagi za kipekee, huwezi kununua yoyote tu.

Nianze na kipi? Nina kadi za harusi za kukabidhi Jumamosi.