Msaada wakuu: BASIC inakataa majina yangu ya vigeu, na darasa ni Jumamosi

KitiniChaJioni:
Habari za jioni wanajamvi. Naandaa programu fupi ya hesabu za duka kwa BASIC (lugha ya kuandikia programu) kwa ajili ya wanafunzi, majina ya vigeu (yale yanayoshika namba) yote ya Kiswahili. Inagoma na ?SYNTAX ERROR. Nimekagua herufi moja moja, sioni kosa. Halafu faida inatoka 0, jambo lisilowezekana kwa namba nilizoweka. Nitumie majina gani yasikataliwe?

Bandari8:
BASIC ipi mkuu? GW-BASIC na QBasic hukataa jina pale tu linapokuwa amri nzima, kama PRINT au NEXT. Applesoft (BASIC ya Apple II) na Commodore hukataa hata amri ikiwa imejificha katikati ya jina. Taja mashine na uweke mistari yenyewe.

MzeeWaPython:
Kuwafundisha watoto BASIC leo ni kuwapotezea muda. Wape Python, majina hayo yote yatakubalika.

Kibodi_Kuu:
Au hamia BBC BASIC. Amri zake zote ni herufi kubwa, kwa hiyo ukiandika *wastani* au *jumla* kwa herufi ndogo hugongani na amri yoyote. Kwa darasa sioni BASIC ya zamani iliyo bora kuliko hiyo.

KitiniChaJioni:
Jamani, BASIC si ni BASIC tu? Naomba majina.

Bandari8:
Si BASIC tu. Bila kujua mashine tunabahatisha.

KitiniChaJioni:
Haya. Ni Commodore 64, kwenye emuleta ya VICE (programu inayoiga mashine hiyo). Sikusema mapema kwa kuwa nilijua nitaambiwa nihame, na sihami, vitini vimeshachapwa. Majina mafupi pia sitaki, mwanafunzi lazima asome na kuelewa.

10 MAUZO=48000
20 MATUMIZI=31500
30 FAIDA=MAUZO-MATUMIZI
40 PRINT FAIDA
50 WASTANI=MAUZO/6
60 PRINT WASTANI

Nukta_na_Mkato:
Hii ni chai. Kwanza programu imegoma, halafu hiyo hiyo inatoa faida 0. Programu yenye kosa la sarufi itatoaje jibu? Uzi umetungwa, msipoteze nguvu.

KitiniChaJioni:
Sijatunga kitu. Kwenye skrini naona 0, chini yake ?SYNTAX ERROR IN 50.

Bandari8:
Anasema kweli, na hilo IN 50 ndilo ushahidi. Commodore haikagui programu nzima kabla ya RUN. Inasoma mstari ukifika zamu yake, kwa hiyo wa 40 ulishachapa 0 kabla wa 50 haujafikiwa. Ni makosa mawili tofauti.

La mstari wa 50: WASTANI ina TAN, amri ya tanjenti, ndani yake. Unapobonyeza RETURN, BASIC V2 (ndiyo BASIC ya Commodore 64) inageuza kila amri inayoikuta kuwa baiti moja ya 128 kwenda juu, popote ilipo nje ya alama za kunukuu (maandishi ya REM, yaani maelezo ya msomaji, na ya DATA nayo huachwa). Inabaki WAS, kisha TAN, kisha I. Baada ya WAS ilitegemea alama ya sawasawa, ikakuta TAN. LIST haikuonyeshi kitu, maana inarudisha amri kwa herufi zake bila kuweka nafasi. Hifadhi programu yako, andika NEW, halafu:

10 WASTANI=5
PRINT PEEK(2056)

PEEK inasoma baiti iliyo kwenye anwani ya kumbukumbu unayoitaja. Baiti nne za mwanzo za programu, kuanzia anwani 2049, ni kiungo cha mstari unaofuata na namba ya mstari. W, A na S ziko 2053 hadi 2055. Ingekuwa T ya kawaida, 2056 ingekupa 84.

La faida: mashine hii inatambua herufi mbili za kwanza tu za jina. MAUZO na MATUMIZI zote ni MA. Mstari wa 20 ulifuta 48000, na wa 30 ukatoa 31500 kwenye 31500. Hili ndilo baya zaidi, kwa sababu halitoi onyo lolote.

KitiniChaJioni:
Nimepata 192.

Nukta_na_Mkato:
192 ni TAN. Naondoa neno langu la chai.

Kibodi_Kuu:
BBC BASIC ingesoma jina zima.

Bandari8:
Hahami, kasema. Basi MAUZO ibaki, MATUMIZI iwe GHARAMA, herufi GH hazigongani na kitu. WASTANI haiokoki, tumia WS na uweke REM juu yake: WS NI WASTANI. Usitumie TI wala ST, ni vigeu vya mashine yenyewe, vya saa na hali ya vifaa. Na usibane nafasi ili kuokoa kumbukumbu: FOR I=S TO P ukiibana inakuwa na STOP ndani.

KitiniChaJioni:
Sasa natoa 16500 na 8000. Ila kitini cha pili kina LENGO, SIFURI, TOFAUTI, POKEA na IDADI. Hizo nisiguse?

Bandari8:
IDADI pekee ndiyo salama. LENGO ni LEN na GO, SIFURI ina IF, TOFAUTI inaanza na TO, POKEA ni POKE. Hicho cha pili usikichape bado.

KitiniChaJioni:
Nacho kimeshachapwa. Nitawapa wabandike REM kwa mkono.

Nukta_na_Mkato:
REM haibadilishi jina mkuu. Wakate LENGO waandike LG, SIFURI iwe SF, TOFAUTI iwe TF, POKEA iwe PK, kila mahali zilipo.