Eti kitanda chenye miguu mitatu ni kizima kwa asilimia 75!

Fundi Bisibisi (mleta mada):

Wanajukwaa, ninaandika haya mikono ikiwa bado inatetemeka. Kikao kimekwisha muda si mrefu, nami nimejifungia katika stoo ya mali chakavu kwa komeo la chuma nililolibuni mwenyewe, kwa kuwa hapa ndipo mahali pekee ambapo nina hakika kwamba hatanifuata. Sitamtaja. Mnamfahamu. Ni mkuu wangu, yule mwenye kalamu nyekundu, ambaye tangu apewe cheo hajawahi kukubali kwamba kuna kifaa kinachoweza kufa.

Kwa miezi mitatu nimezunguka wodi zote nikiandaa orodha ya vifaa 61 vinavyostahili kuondoshwa, na mbele ya kila kimoja nikaandika namba yake ya mali, ubovu wake, sababu za kutotengenezeka, na iwapo kiuzwe kwa mnada, kivunjwe ili tupate vipuri, au kiteketezwe. Humo mlikuwa na mizani ya watoto inayosoma kilo mbili hata ukimpandisha mlinzi wa getini, pamoja na mashine ya altrasaundi ambayo kioo chake kina ukungu mzito kiasi kwamba mama mjamzito angeambiwa ajiandae kujifungua wingu. Nilivisafisha vyote kwa dawa ya kuua vijidudu, na ile altrasaundi niliifuta kumbukumbu za wagonjwa kabla sijathubutu kuitia katika orodha.

Akaifungua orodha yangu mbele ya wauguzi, mhasibu na wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, akapiga mstari mwekundu kwenye kitanda namba 14, akanitazama kama mtu anayemtazama mwizi wa misumari, akasema: «Kitanda hiki kina miguu mitatu kati ya minne, kwa hiyo ni kizima kwa asilimia 75. Wewe fundi unataka kuzika mali iliyo hai.»

Asilimia 75! Wanafunzi walicheka. Mmoja wao aliandika katika daftari, na ninaogopa kwamba siku moja atalijibu hilo katika mtihani. Ninarudia ili mnielewe: kitanda cha mgonjwa, kinachoegemezwa ukutani ili kisianguke, ni kizima kwa asilimia 75.

Mshika Leja:

Ndugu mleta mada, pole, ingawa hesabu ya mkuu wako haina kosa. Mitatu kati ya minne ni asilimia 75, na hilo hata mashine yako ya altrasaundi ingeliona. Mimi nina swali moja tu, na ndilo ambalo mkaguzi atakuuliza: huo mguu wa nne uko wapi?

Fundi Bisibisi:

Mguu wa nne haukuwa mada. Mada ni kwamba mtu mzima, mwenye ofisi na kiti cha kuzunguka, ametamka mbele ya watu kwamba kitanda kinahesabiwa kwa miguu kama mbuzi wa mnadani.

Mshika Leja:

Hujajibu.

Fundi Bisibisi:

Ndio komeo la mlango wa stoo.

Sindano Butu:

Nimecheka hadi mgonjwa wa kitanda cha tatu ameniuliza kulikoni. Kwa hiyo wewe ndiye uliyekiua kitanda kwa asilimia 25, kisha ukaja hapa kulia msibani! Kifaa kikivunjwa ili kupata vipuri, kinachotolewa huandikwa: kimetoka wapi, kimekwenda wapi, na nani ameidhinisha. Vinginevyo mali ya hospitali hugeuka kuwa makomeo.

Dada wa Famasi:

Angalau ninyi mnagombania chuma, ambacho hakiozi. Wa kwetu, naye mnamfahamu vilevile, amekataa dawa zilizoisha muda ziondolewe mpaka mkaguzi azione, na mkaguzi anasema hawezi kuja mpaka zitakapoorodheshwa, ilhali karatasi za kuziorodheshea zimo chini ya makasha hayohayo. Nusu yake ni dawa za msaada. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka dawa za msaada ziwasili zikiwa na angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda wake, lakini sisi tuliletewa zilizobakiza miezi miwili, tukapiga picha na waliozileta, tukatabasamu, na sasa ni zetu kuzizika.

Halafu juzi akanishauri nizimwage katika sinki kidogo kidogo, «ili zisionekane». Viuavijasumu katika mfereji wa maji machafu, jamani! Ndugu Fundi, ukilinganisha na hilo, kitanda chako ni bembea.

Mzee wa Pipa:

Binti yangu, usikubali sinki. Kama hakuna tanuri la joto la kutosha, kuna njia ya pipa: dawa ngumu, kama vidonge, hutolewa katika makasha yake na kutiwa katika pipa la chuma lililosafishwa hadi lijae kwa asilimia 75, kisha nafasi iliyobaki hujazwa mchanganyiko wa chokaa, saruji na maji kwa uwiano wa 15:15:5 kwa uzito, mfuniko unafungwa kwa kulehemu, na pipa linazikwa chini kabisa ya dampo. Huenda mkuu wa Fundi alisoma mwongozo wa pipa, ila akafungua ukurasa wa vitanda kwa bahati mbaya.

Muuguzi wa Zamu ya Usiku:

Mmesema asilimia 75? Hicho ndicho kipimo cha boksi la sindano zilizotumika, robo tatu, kisha linafungwa na kuondoshwa. Wodini kwetu linajazwa mpaka sindano zinachungulia juu kama vifaranga kiotani, na yupo mtu, simtaji kwa kuwa yumo humu na anasoma, ambaye hushindilia kwa kiganja ili lifike Ijumaa. Nilipomkemea aliniambia kwamba ninabadhiri maboksi. Alinijibu hivyo akiwa amesimama kando ya boksi lililotoboka!

Fundi Bisibisi:

Wadau, ninashukuru kwa michango, ila tunaweza kurudi kwenye kitanda? Alisema «mali iliyo hai». Kitanda! Hai!

Sindano Butu:

Kitanda tumeshakisikia. Mimi ninaogopa zaidi mashine ya eksirei iliyotupwa nyuma ya jengo letu, kwa maana kila nikipita hapo usiku ninahisi joto mgongoni.

Chumba cha Giza:

Hilo joto ni la kupita njia usiyoruhusiwa. Mashine ya eksirei isiyo na umeme haitoi mionzi hata ukiilalia. Cha kuogopa humo ni madini ya risasi, pamoja na mafuta ya transfoma, hasa katika mashine za zamani sana ambazo mafuta yake huwa na kemikali za PCB, ambazo hazitakiwi kumwagwa ardhini wala kuchomwa ovyo. Mashine isiyosamehe ni ile ya tiba ya saratani yenye chanzo chake cha mionzi ndani, kwa kuwa hiyo haina swichi ya kukizima chanzo. Mwaka 1987, mjini Goiânia nchini Brazil, mashine ya namna hiyo iliachwa katika kliniki iliyohama. Waokota vyuma wakaibomoa, unga wa sesiamu, yaani hicho chanzo cha mionzi, uliokuwa uking'aa kwa rangi ya buluu ukagawanywa kwa ndugu na majirani kama kitu cha ajabu, watu wanne wakafa, na zaidi ya watu 112,000 wakapimwa. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba vifaa vikongwe vinaweza kusubiri tu uani, ninamuuliza kwanza ni vya aina gani.

Dada wa Famasi:

Na vipimajoto vya zebaki je? Tunavyo sanduku zima, na yule wetu anataka viingie katika tanuri pamoja na bandeji.

Chumba cha Giza:

Visiingie kamwe. Zebaki haiungui, inageuka mvuke, inapanda na moshi, kisha inawarudia. Vifungwe katika chombo kisichopitisha hewa na vihifadhiwe kando mpaka vichukuliwe na wenye utaalamu. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, unaohusu zebaki, uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza vipimajoto hivyo, kuviingiza nchini na kuvisafirisha nje, kwa hiyo hilo sanduku lenu limechelewa treni.

Muuguzi wa Zamu ya Usiku:

Ninawaarifu kwamba aliyekuwa akishindilia boksi amenitumia ujumbe kuuliza iwapo ninamsema yeye. Sijamjibu.

Mzee wa Pipa:

Mjibu. Na umuulize kama amechanjwa dhidi ya homa ya ini aina ya B.

Mshika Leja:

Ndugu Fundi, kabla uzi haujazama: wodi yetu ina kitanda kilichobakiza miguu mitatu, cha aina ileile. Kama hilo komeo lina namba ya mali, tunaomba utuandikie fomu ya kulihamisha.